Nani Anaumia Hapa?

Ofisini wananiita Shemeji. Kila mwongozo unaotoka kwenye kampuni yetu nimeuandika mimi, kila sentensi inayomwambia nesi abofye wapi na asiguse wapi, lakini mume wangu ndiye Fundi Mkuu wa programu na wenzake walimjua yeye kabla ya kunijua mimi, basi jina likawa hilo. Shemeji, mwongozo uko wapi? Shemeji, hebu itazame hii aya. Mwanzoni nililipenda, lilikuwa na utani ndani yake. Siku hizi nikiitwa hivyo najiona kama mgeni aliyekuja kusalimia akapewa vyombo aoshe.

Kazi yenyewe ni mfumo wa kutunza kumbukumbu za kliniki za wazazi. Mjamzito akija anafunguliwa rekodi yake. Akijifungua, chini yake inafunguliwa rekodi ya mtoto. Ya juu inaitwa mzazi, ya chini inaitwa mtoto, na hapo hakuna aliyewahi kunung'unika. Ila ziko rekodi ambazo mfumo umezifunga zisipokee mtoto: ya mwanamke aliyekuja kupima presha tu, ya aliyeandikishwa mara mbili kwa makosa, ya yule ambaye mimba yake imeharibika. Hizo, ndani ya programu, zinaitwa tasa.

Aliyezipa jina hilo ni Mapafu. Mapafu ni mwandika programu mwenye kicheko kinachosikika mpaka ghorofa ya chini, ndiyo asili ya jina lake. Nasikia alilitamka siku moja wakiwa wanakula mezani pa kazi, wote wakaangua kicheko, na mume wangu akalichapa kwenye programu kabla kicheko hakijaisha. Mimi nilikuwa bado sijaajiriwa. Waliponisimulia walitegemea nicheke nao, nikawaangalia tu, wakasema Shemeji leo ameamka vibaya.

Neno la ndani lingebaki la ndani kama si ujanja wa mume wangu. Kampuni nyingine huwa na mtu wa kuandika kila ujumbe unaotokea kwenye skrini. Yeye aliona huko ni kupoteza muda. Akaunda kijisehemu kinachookota majina yaliyomo ndani ya programu na kuyaunga yawe sentensi: chukua jina la kitu, taja hali yake, malizia na swali. Mkurugenzi alifurahi mno, akawa anamsifu mbele ya kila mgeni. Nilisema wakati ule kwamba sentensi ni kazi ya mtu mwenye masikio. Nikajibiwa, usiogope Shemeji, kazi haitakuishia.

Basi nilikwenda kliniki moja kukaa na manesi, nione wanavyoutumia mfumo ili nirekebishe mwongozo. Chumba kilikuwa kidogo, meza imebanwa kati ya mizani na kitanda cha kupimia, na skrini imefungwa kwenye mkono wa chuma unaozunguka ili mgonjwa naye aone kama jina lake na namba yake ya simu ziko sawa. Akaingia mwanamke mwenye sweta ya rangi ya haradali, amefunga vifungo kombo. Mimba yake ilikuwa imeharibika majuzi tu, na alikuja kuangaliwa kama amepona. Nesi alimsemesha kwa upole, akabofya panapohusika, akamgeuzia skrini. Mfumo ukafikiri kidogo. Kisha katikati, kwa herufi kubwa, yakatokea maneno haya: REKODI HII NI TASA. HAIWEZI KUWA NA MTOTO. UNGEPENDA KUENDELEA? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Alisoma akichezesha midomo. Kisha akamgeukia nesi.

"Imejuaje?"

"Achana nayo, dada," nesi akasema. "Hiyo ni kompyuta tu."

"Ndiyo, imejuaje? Daktari aliniambia nitazaa tena. Kwani yeye hajaiona hii?"

Nesi aliizungusha skrini kwa nguvu mpaka ikagonga ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kitambulisho cha kampuni shingoni. Nikamwambia yule dada kwamba hayo si majibu ya kipimo chochote, ni maneno ya watengenezaji, ni makosa yetu.

"Yenu nyinyi?"

"Yetu."

"Mlinijua wapi mpaka mkaniandika hivyo?"

Aliniuliza bila kupaza sauti, na alingoja jibu kweli. Nesi akamshika mkono wakatoka kwenda kwa daktari, athibitishiwe kwa mdomo wa mtu. Damu ilinichemka njia nzima ya kurudi ofisini, na hata sasa nikisimulia bado haijapoa.

Ilinichemka pia kwa sababu zangu, na sizifichi. Mimi na mume wangu hatuna mtoto. Tulikwenda hospitali pamoja, tukapimwa wote wawili, na daktari akatuita akafunga mlango. Mimi sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwake, tena si la kutibika kwa dawa. Tulipofika kwenye gari alilia mpaka kioo kikaingia ukungu, akanishika mkono akasema, nipe muda, mama asijue kwanza, hataweza kulibeba. Nikampa. Nilimpenda, na niliona ni kitu kidogo kumpa mtu unayempenda muda.

Muda ule haukuwa na mwisho. Mama mkwe hakuambiwa kitu, basi akaamua mwenyewe kosa ni la nani, na hakuhitaji kufikiri sana. Kila wiki anapiga simu na swali lake ni moja, "Mwanangu, kuna jipya?" na nikisema hakuna anashusha pumzi ndefu ili niisikie. Siku moja tulikuwa kwao, ukumbi umejaa, shangazi yake mume wangu akasema bila hata kushusha sauti kwamba kijana wetu amejifunga kwa mwanamke tasa. Mume wangu alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya. Alilimaliza lote kwa ganda moja refu, akalila.

Kwa hiyo neno hilo nalijua uzito wake. Nimelibeba miaka mitano na halikuwa hata langu.

Jioni ile niliyotoka kliniki nilimweleza yote, sweta, vifungo, na swali la yule dada. Alinisikiliza akivua viatu.

"Hapo kuna kosa la ujumbe kutokea mahali pasipo pake," alisema. "Nitaliangalia."

"Sizungumzii mahali. Nazungumzia neno. Lifute."

"Ni jina la ndani tu, mke wangu. Halimlengi mtu."

"Limemlenga leo. Nimeona likimpata."

Akasema amechoka, tutazungumza. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua maana ya tutazungumza.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapo ndipo nilipopandwa na mori hasa. Siku chache baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa wafadhili wetu wa ng'ambo. Walikuwa wamepitia maelezo ya mfumo na wameona maneno yasiyofaa. Kompyuta zetu mbili kubwa, moja inayotoa amri na nyingine inayozifuata, tulikuwa tunaziita bwana na mtumwa, kama mafundi wengi wanavyoziita. Wakasema hilo linawadhalilisha watu ambao babu zao waliuzwa. Tena tulikuwa na orodha ya wasioruhusiwa kuingia tukiiita orodha nyeusi, nalo wakataka liondoke, kwani weusi umefanya kosa gani.

Walikuwa na haki. Nasema hivyo waziwazi asije mtu akanielewa vibaya. Kuna watu wanadhani maneno ni upepo, yanapita tu. Mimi nakula kwa maneno na nakwambia hayapiti. Nilifurahi yalipoondoka. Na yaliondoka haraka ajabu! Barua ilifika asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana bwana amekuwa kiongozi, mtumwa amekuwa mfuasi, orodha nyeusi imekuwa orodha ya waliozuiwa. Mume wangu na Mapafu walikaa bega kwa bega wakibadilisha, wakijaribu, wakibadilisha. Hakuna kliniki iliyozima. Mkurugenzi akaagiza soda na keki, tukapigwa picha ya kwenda kwenye tovuti, akatoa hotuba. Alisema kampuni yetu inaamini kwamba maneno yana uwezo wa kujenga na kubomoa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha nikanyoosha mkono, nikasema kwamba kwa kuwa tuko kwenye kazi hiyohiyo, liko na jingine.

"Lipi hilo, Shemeji?" Mkurugenzi akauliza, mdomo umejaa keki.

Nikalitaja. Mapafu akacheka, kicheko chake kile. Wengine wakatazama soda zao. Mkurugenzi akasema lisijadiliwe kwa kusimama, tukae mkutanoni keshokutwa tulipime inavyostahili.

Mkurugenzi wetu ana mtindo wake. Alihudhuria semina fulani zamani akarudi na swali moja, na tangu siku hiyo hakuna badiliko linalopita mezani kwake bila kulijibu: Nani anaumia hapa? Ukitaka kubadilisha rangi ya kitufe, nani anaumia? Ukitaka kiti kipya, nani anaumia? Ni lazima utaje mtu. Husemi watu, husemi watumiaji, unataja mtu. Usipomtaja, jambo lako limekufa. Barua ya wafadhili ndiyo pekee ninayoikumbuka iliyopita bila kuulizwa.

Tulikutana watano kwenye chumba cha mikutano, kile chenye ubao mweupe uliogoma kufutika tangu mtu auandikie kwa kalamu isiyo ya ubao. Mkurugenzi kichwani pa meza. Mume wangu kulia kwake, kompyuta wazi mbele yake. Mapafu kando ya mume wangu. Upande wangu alikaa Mama Pacha, ambaye kazi yake ni kuujaribu mfumo kabla haujatoka, mwanamke mpole asiyependa ugomvi, na jina lake linajieleza.

Nikaanza. Nikaeleza kliniki, skrini, yule dada aliyedhani mashine imempima. Nikasema toleo jipya linakwenda kwenye kliniki zote mwisho wa mwezi, na likienda na neno lile basi kila siku, mahali fulani, mwanamke aliyetoka kupoteza mimba atalisoma kwa herufi kubwa.

Mapafu ndiye aliyejibu wa kwanza.

"Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini tukianza hivi hatutamaliza. Kesho mtasema rekodi zisizo na mzazi tusiziite yatima, mayatima wataumia. Keshokutwa tusiseme programu imekufa, waliofiwa wataumia. Tutaandika nini sasa? Tutachora?"

"Yatima nalo nimeshaliandika kwenye mambo yangu, usiharakishe," nikasema. "Ila nikuulize. Umewahi kumwita mtu tasa usoni pake?"

"Mimi? Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si ni tusi hilo?"

"Basi."

Akacheka kidogo, lakini hakikutoka vizuri. Mkurugenzi akagonga meza kwa kalamu.

"Turudi kwenye msingi. Nani anaumia hapa?"

"Yule dada wa kliniki."

"Ametuandikia malalamiko?"

"Hapana."

"Anaitwa nani?"

"Ni mgonjwa, Mkurugenzi. Siwezi kumtaja jina mezani."

"Kwa hiyo hatuna mtu." Alisema kwa masikitiko kabisa, kama karani anayekwambia dirisha limefungwa.

"Na wakati wa bwana na mtumwa tulikuwa na nani?" Nilihisi sauti yangu inapanda na sikuishusha. "Ni mtumwa gani alipanda ngazi zile akaja hapa kulalamika? Akina nani walitajwa? Tulikula keki, Mkurugenzi! Kwa watu wa mbali tusiowajua tulibadilisha kila kitu kabla ya saa ya kula, na tulifanya vizuri. Huyu wa hapa, niliyekaa naye chumba kimoja, anaambiwa alete jina."

"Wale ni wafadhili," akasema Mkurugenzi.

Angalau hakudanganya.

Mapafu akamgeukia Mama Pacha. "Wewe ni mwanamke, tuamulie. Neno hili linakuumiza?"

Mama Pacha aliangalia kucha zake. "Mimi? Mimi namshukuru Mungu nina watoto wangu."

Alikuwa na nia njema, nina hakika. Ila nilijiuliza tangu lini anayeulizwa kama chakula kimetosha ni yule aliyeshiba. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa hajasema neno tangu tuingie.

"Fundi Mkuu," nikamwambia, maana mkutanoni simwiti vingine, "tueleze ni kazi kiasi gani kuliondoa."

Alikuna shingo. "Si dogo. Jina limeingia kila mahali, na ujumbe wote unalitegemea. Wiki tatu. Tukiharakisha, kliniki zinaweza kuzima. Kwa kweli tungeliacha mpaka toleo lingine." Akanitazama, akatazama meza. "Ni neno la kiufundi tu."

Nilimwangalia yule mtu. Nilimjua anavyolala, anavyokunywa chai, nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Na alikaa pale akaniambia ni neno la kiufundi. Sijui alisoma nini usoni pangu, lakini kitu alikisoma, kwa sababu Mkurugenzi alipofungua kinywa kulifunga jambo, mume wangu akainua kiganja.

"Samahani. Naomba niseme kidogo, si kama fundi. Kama mume."

Na mimi, mjinga mimi, moyo ukaniruka kwa furaha. Nilidhani leo ndiyo leo. Nilidhani amenionea huruma ya kweli na sasa anaushusha mzigo wake kutoka begani kwangu, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mnajua tumeoana siku nyingi," alisema. "Mnaona hali. Nyumbani tunapitia kipindi kigumu. Shemeji yenu... ni jambo linalomgusa yeye binafsi. Hasemi, lakini linamuumiza sana. Nawaomba, kwa ajili yake, tumstahi. Tuliondoe."

Hakusema uongo hata mmoja. Nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi kama ninavyorudia aya, na hakuna sentensi ya kushika ukasema hii ni uongo. Aliyapanga tu yakae kando, na aliyebaki katikati, akionekana ndiye mwenye tatizo, nikawa mimi.

Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na natumaini sitatazamwa tena. Mama Pacha akaniwekea mkono begani na machozi yakamlengalenga. Mapafu akawa mdogo kwenye kiti chake.

"Pole sana, Shemeji. Ningejua, wallahi nisingelisema hata siku ile."

"Binti yangu," Mkurugenzi naye akasema, na hajawahi kuniita binti yake, "ungesema mapema. Ungekuja hata ofisini kwangu. Sasa tuna mtu. Jambo limepita." Akachukua kalamu aandike.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ananitabasamia kidogo, tabasamu la mtu aliyekuletea zawadi anangoja uifungue. Aliamini amenisaidia! Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika. Mpaka dakika ile ilikuwa inapiga kelele ndani yangu. Sasa ikanyamaza. Niliona kwamba neno litafutwa kwenye skrini zote na litabaki sehemu moja tu, juu yangu, na natakiwa nitoke pale nikimshukuru aliyelibandika.

"Usiandike bado, Mkurugenzi," nikasema.

"Limeshapita, binti yangu."

"Umeuliza nani anaumia, umejibiwa vibaya. Tulipimwa wote wawili, mimi na yeye. Mimi sina tatizo lolote. Nimenyamaza kwa sababu aliniomba ninyamaze, na leo sikuomba kuhurumiwa."

"Mke wangu," mume wangu akasema kwa sauti ya chini sana. "Tafadhali."

"Nilishakupa tafadhali zote nilizokuwa nazo."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema pole. Nilingoja, kwa kweli nilingoja, nikidhani huruma iliyomwagika mezani sekunde chache nyuma itahamia upande wa pili. Mama Pacha aliuondoa mkono begani kwangu. Mapafu alikuwa anaangalia ubao uliogoma kufutika kana kwamba pana kitu kipya kimeandikwa. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Jamani," alisema. "Jamani, jamani. Mambo ya ndani ya nyumba yabaki nyumbani. Hapa ni kazini. Si vizuri kumwaibisha mwenzio hivi."

"Sasa hivi tu tumbo langu lilikuwa ajenda, Mkurugenzi. Ulishika kalamu uliandike."

Alimtazama mume wangu kwa jicho ambalo hakunitazama nalo mimi, jicho la kumwambia tuko pamoja. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Na Mapafu, bila kuambiwa na mtu, akajivutia kompyuta akaanza kuchapa.

Alichapa kwa kasi. Tulikaa tukisikiliza vitufe. Akafuta, akabadilisha, akajaribu, akamsukumia Mama Pacha kompyuta naye akajaribu kwa upande wake, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza tuweke neno gani. Mapafu alikuwa ameshaandika rekodi iliyofungwa, maneno mawili ya kawaida ambayo mtu yeyote angetaka kuyapata angeyapata. Kliniki hazikuzima. Hatukuwa hata tumeinuka kwenye viti.

"Wiki tatu?" nikauliza.

Nilimuuliza mume wangu lakini nilikuwa nawaangalia wote. Mapafu akasema, "Tayari limetoka, Shemeji, limetoka lote," kama mtu anayekimbia kuufunga mlango kabla jirani hajachungulia.

"Na kile kijisehemu kinachojiungia sentensi kizimwe," nikasema. "Kuanzia leo kila ujumbe unaotokea kwenye skrini nauandika mimi."

"Kizimwe," Mkurugenzi akasema upesi, bila kuuliza nani anaumia. Angenikubalia chochote saa ile mradi nisifungue tena mdomo.

Mume wangu alinitangulia kushuka. Nilimkuta kwenye maegesho, amesimama kando ya gari na funguo mkononi, hajafungua.

"Umenivua nguo mbele ya wanaume wenzangu," alisema.

"Na mimi nimekaa uchi mbele ya ukoo wako mzima. Hukunitupia hata shuka."

"Nilikuwa nakusaidia pale. Neno si ulilitaka liondoke?"

"Nililitaka."

"Basi limeondoka." Alifuta uso kwa kiganja. Nilijua analo jingine, nikamngojea. Nilikuwa tayari kwa pole. Hata kwa matusi nilikuwa tayari, angalau ningejua yametoka moyoni. "Sasa mama atasikia," alisema. "Mapafu hawezi kufunga mdomo, mkewe anasali na dada yangu. Kabla ya Jumapili mama atakuwa amesikia."

"Atasikia."

"Lazima aambiwe na sisi kwanza."

"Na wewe."

Akacheza na funguo. Kisha akaniangalia kwa macho yale yale ya kwenye gari siku ya daktari, yaliyonilainisha mara ya kwanza na kila mara baada ya hapo.

"Sijui nitaanzaje," alisema. "Hebu nisaidie. Wewe ndiye mtu wa maneno. Niandikie tu, nitamsomea kwenye simu."

Nilimwambia hiyo ataiandika mwenyewe. Nikavuka barabara nikaenda kituoni kungoja basi, na aliponipigia simu akiwa bado pale, namuona kabisa ng'ambo ya barabara, niliiacha iite.